Somo: Kuishi na paka mdogo mkorofi katika nyumba ya mbao

Aksanti kwa wote mnaoniuliza. Lakini wiki hii peke yake watu saba wameniletea swali lilelile: "Mama Rehema, kapaka kananiuma, nifanye aje?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo umeme hakuna, mashine ya kushona nimeifunika, nayaandika yote mara moja. Atakayeuliza kesho mleteni hapa.

Mimi ni fundi nguo wa Goma, naishi Majengo. Nyumba yangu ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano, na chini ya sakafu panya walikuwa na njia zao kabla sijahamia. Mwaka mmoja walinitafunia vitenge vitatu vya mteja, vya ndoa, siku nne kabla ya ndoa yenyewe. Ndipo nikatafuta paka. Mpaka leo nimelea wanne. Wa kwanza alikufa kwa kosa langu. Nimelieleza katika hatua ya 5, na hatua hiyo naomba msiiruke.

Jambo moja kabla hatujaanza. Huo mnaouita ukorofi ni uwindaji. Paka wa miezi miwili amezaliwa na kazi mwilini: kunyemelea, kuruka, kukamata, kung'ata. Asipopewa pa kuifanyia, ataifanyia kwenye mguu wako, kwenye pazia na kwenye nyuzi zako.

Hatua ya 1. Umri. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kucheza na ndugu zake ndiko kunakomfundisha nguvu ya meno yake: akimuuma mwenzake sana, mwenzake analia na mchezo unakufa. Aliyetolewa na wiki 5 hajalipata somo hilo, na hatua ya 4 kwake itachukua muda zaidi. Ukiweza kuchukua wawili wa tumbo moja, chukua.

Hatua ya 2. Chakula. Mara tatu au nne kwa siku. Sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) za kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu (hivyo viwili ni sumu kwake), na bugali kidogo sana. Bugali mtupu haumlei paka. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, mpe maji.

Hatua ya 3. Choo. Tafuta bidoni ya njano ya lita 20 iliyotoboka. Ilaze ubavu, ukate upande wote wa juu, uache kuta za sentimeta 10 hivi. Makali ya plastiki yavishe mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu, yasimkwaruze tumbo anapoingia. Mchanga wa volkano tunao bure mji mzima, lakini uuchekeche kwanza kwa chekeche kuukuu: changarawe zenye ncha zinamuumiza nyayo, naye atahamia kitandani penye ulaini. Kina cha vidole vitatu kinatosha. Toa mavi na mchanga uliolowa kila siku, ubadilishe wote kila wiki, na choo kikae mbali na sahani yake. Usitumie majivu ya mbabula (jiko la makaa), yakilowa yanababua ngozi. Akikojoa pasipo pake, osha kwa sabuni ya unga, suuza, kisha pitisha siki. Javeli (dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe) hapana. Ikikutana na mkojo inatoa mvuke unaochoma macho na kifua, na paka wengi harufu yake inawarudisha palepale.

Hatua ya 4. Kuuma. Mkono mtupu hauchezi na paka, hata wa mtoto, hata siku moja. Akiushika, usiuvute, kwa sababu kinachokimbia ndicho anachokifuata. Uache utulie kama jiwe. Akilegeza meno, utoe polepole, utoke chumbani dakika moja au mbili bila neno, halafu urudi na kijiti. Kijiti ni fimbo ya mita moja, mwishoni fundo la kitenge lililofungwa kwa utepe wa kitambaa wenye upana wa vidole viwili. Lipitishe chini kama panya: likimbie, lisimame, lijifiche nyuma ya mguu wa meza, lichungulie. Mwache alikamate na kuling'ata. Dakika kumi hadi kumi na tano, asubuhi na jioni.

Kumpiga, kumsugua pua kwenye mkojo, kumrushia maji: acheni. Kofi halimwambii amekosa nini. Linamwambia kwamba wewe ni wa kuogopwa, na paka mwenye hofu huuma zaidi.

Hatua ya 5. Nyuzi. Paka wangu wa kwanza aliitwa Sukari. Alipenda kukaa miguuni pangu chini ya mashine akidaka ncha za uzi zikianguka. Niliona ni mchezo mzuri, nikawa namwachia hata bobini nzima. Jumatano akaacha kula. Alhamisi akatapika povu la njano mara tatu, nikasema ni minyoo. Ijumaa asubuhi nikamkuta amejikunja kwenye choo chake, uzi mwekundu unaning'inia nyuma, urefu wa kidole. Wiki hiyo nilikuwa nashona sare za kwaya, uzi ni uleule. Nikaushika, nikauvuta. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mnyama yeyote. Jioni daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akasukuma kwa kidole gumba kutoka chini ya taya mpaka ulimi ukainuka, akaniita nitazame. Uzi ulikuwa umezunguka shina la ulimi na umeshazama nyamani. Ncha moja hapo, ncha nyingine imetokea nyuma, na utumbo wote wa katikati umejikunja kama marinda kwenye uzi wa kukusanyia. Ninyi mafundi mnajua marinda yanavyofanya ukivuta uzi. Nilipovuta, uzi ule uliukata utumbo. Alikufa usiku huo.

Kwa hiyo nisikilizeni:

Ukiona uzi kinywani au nyuma, USIVUTE. Usimpe mafuta, usimtapishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Paka mdogo akitapika tena na tena na hataki kula, mtazame chini ya ulimi kabla ya kusema ni minyoo.

Ulimi wake una vimiba vinavyoelekea kooni. Uzi ukishashika pale hawezi kuutema, anazidi kuumeza.

Uzi ni pamoja na sufu, utepe wa zawadi, nyuzi za magunia, nyuzi za kuvulia samaki na meshi za nywele. Wanaosuka nywele nyumbani, fagieni kabla ya kufungua mlango. Uzi wenye sindano ni hatari mara mbili.

Hata kijiti cha hatua ya 4 kinafungiwa kabatini mchezo ukiisha. Mimi nyuzi zangu zote sasa ziko kwenye ndoo yenye kifuniko, na nafagia chini ya mashine kabla sijainuka kitini.

Hatua ya 6. Kucha. Paka lazima akwaruze: anavua ganda la zamani la ukucha na kuacha harufu ya nyayo zake. Pigilia jinzi kuukuu kwenye nguzo ya mbao, kimo cha sentimeta 80 au zaidi, isitikisike, karibu na kile anachokiharibu sasa.

Hatua ya 7. Usiku. Anachangamka giza likiingia na alfajiri. Cheza naye kabla ya kulala, umpe chakula cha mwisho hapohapo. Atakula, atajilamba, atalala. Akikuamsha saa kumi alfajiri usimpe kitu, ukimpa mara moja atarudi kila siku.

Hatua ya 8. Waya na moto. Meno ya maziwa yanaanza kung'oka karibu na miezi 3 au 4, hapo anatafuna chochote. Chaja zitoeni ukutani. Mbabula msiiache chini, hata iliyozimwa: anapenda kulala kwenye majivu, na makaa ya ndani bado ni ya moto.

Hatua ya 9. Daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba yenyewe ni siku 63 hadi 65 hivi, basi zungumzeni na daktari mapema kuhusu kumfunga uzazi.

MASWALI

Bahati wa Ndosho: Jambo mama. Kapaka kangu kanauma sana mikono. Nifanye aje?

Mama Rehema: Hatua ya 4.

Bahati wa Ndosho: Nimeona maneno ni mengi, ungenifupishia tu.

Mama Rehema: Kaka, sababu ya kuandika mengi ni watu kama wewe kuniuliza kila siku. Soma. Usipoelewa mahali, rudi utaje mahali hapo, nitakujibu.

Papa Josué: Mama Rehema, aksanti kwa somo. Sisi shida yetu ni mustikeri (chandarua). Kapaka kanaipanda usiku kama mti, tayari ina matundu manne, na batoto wanalala mule ndani. Naogopa malaria. Kijiti tunacheza nacho kila jioni, bibi yangu anasema kamepunguza lakini hakajaacha. Kuna kitu tumekosea?

Mama Rehema: Hamjakosea, Papa Josué, mmebakiza vitu viwili. Cha kwanza, tazama anakoanzia kupanda. Mara nyingi ni kiti au sanduku lililo karibu na kitanda; lihamishe. Mchana chandarua kifungwe juu kiwe fundo, usiku kichomekwe chini ya godoro pande zote kisiachie ncha ya kuchezea. Cha pili, paka anataka mahali pa juu pa kuwaangalia watu. Pigilia ubao ukutani, kimo cha bega lako, utandike kitambaa, mlo wa mwisho apewe huko. Wangu aliacha chandarua siku ya tatu baada ya kupata ubao wake. Na muulize mama watoto kama vidole vya miguu vinachezacheza chini ya blanketi, maana kwa paka hicho ni kipanya. Matundu usiyakusanye kwa uzi, yatapasuka zaidi pembeni. Shonea kiraka cha chandarua kikuukuu.

Papa Josué: Vidole njo hivyo kabisa! Yule mdogo anafanya makusudi ili kamrukie. Nitaongea naye leo.

Mama Grâce: Mama, kapaka kalikuwa na joto jana, nikakapa robo ya parasetamoli ya mtoto. Sasa kamelegea, fizi zimekuwa rangi ya kahawia. Nikape maziwa?

Mama Rehema: Hapana. Usimpe kitu chochote. Mbebe SASA kwa daktari wa mifugo, chukua na kasha la dawa, umwambie kiasi gani na saa ngapi. Parasetamoli inaua paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, ndiyo maana fizi zimegeuka rangi. Dawa ya kumsaidia ipo, ni ileile wanayopewa watu waliomeza parasetamoli kupita kiasi, lakini kila saa ina maana. Ondoka, usinijibu hapa.

Papa Kasereka: Mji huu watu wanalala njaa, ninyi mnampikia paka sambaza. Zamani paka alijitafutia.

Mama Rehema: Papa, kwa heshima yako. Nachota kiganja kimoja katika sambaza za nyumbani kabla sijatia chumvi, basi. Na yule wa zamani aliyejitafutia, wengi tuliwaokota wamekufa na mwaka haujaisha. Panya wanakula maharagwe ya nani, wanatafuna nguo za nani? Vitenge vile vitatu nililipa mimi, miezi miwili ya kazi yangu. Tangu paka wangu Pilipili awepo sijalipa hata kipande. Namlisha kama ninavyotia mashine mafuta, na ninampenda pia, sioni aibu kulisema.

Mwanafunzi wa Himbi: Shikamoo mama. Mimi nina swali la kutaka kujua tu. Wangu ana miezi mitatu, anatulia mchana kutwa, halafu jioni dakika kumi anakimbia ukutani, mezani, kichwani pangu, halafu analala ghafla. Ni ugonjwa?

Mama Rehema: Marahaba mwanangu. Si ugonjwa. Mnyama anayevizia hulala sana ili aweke nguvu za kuruka kwa muda mfupi. Jioni ndiyo saa ya mawindo yake, nguvu hizo lazima zitoke. Fanya hivi: andika siku tatu anaanza saa ngapi. Kisha mtangulie, uanze kijiti robo saa kabla. Utaona mbio zinamalizikia kwenye fundo badala ya kichwani pako. Cha kuchunguza ni kimoja, kama anakimbia huku anajing'ata mgongo karibu na mkia. Hapo tafuta viroboto. Ila dawa ya viroboto ya mbwa usimpakie kamwe. Nyingi zina permetrini, nayo inamtia paka degedege na kumuua.

Mwanafunzi wa Himbi: Nimechunguza, hana viroboto. Anaanza saa kumi na mbili na nusu kila siku, kama ana saa ya mkononi! Leo naanza saa kumi na mbili na robo.

Mama Neema: Mimi nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe anasema paka atolewe nyumbani, nitapoteza mtoto. Batoto wangu wakubwa wanalia. Ni kweli?

Mama Rehema: Dada, mama mkwe hajasema uongo wote, mjibu kwa upole. Kuna ugonjwa unaitwa toksoplasmosi, paka anaweza kuutoa kwenye mavi yake, na kwa mama mwenye mimba unaweza kumdhuru mtoto. Lakini vimelea vinavyotoka na mavi vinahitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, ndiyo maana choo kinasafishwa kila siku. Na usisafishe wewe. Mwachie bwana au mtoto mkubwa, anawe kwa sabuni. Paka asile nyama mbichi wala asiwinde nje miezi hii. Wengi wanaupata kwa nyama isiyoiva na mboga za shambani zisizooshwa vizuri, kwa hiyo sombe na lengalenga zioshe, nyama za mishikaki ziive mpaka ndani. Ukienda kupima mimba, muulize mkunga kuhusu kipimo cha damu. Paka anaweza kubaki.

Mama Neema: Aksanti sana dada. Nitamsomea mama mkwe haya leo jioni.

Fiston: Naishi upande wa Bulengo. Somo linasema ndani ya nyumba, lakini wangu anatoroka. Jirani alipoteza mbuzi kwenye mazuku. Paka naye?

Mama Rehema: Naye, tena mapema kuliko mbuzi. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inakaa kwenye mabonde na mashimo hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haina rangi, na pua haikuonyi. Mtu mzima kichwa chake kiko juu yake, paka mdogo kichwa chake kiko sentimeta 15 kutoka chini. Kwa upande wenu mlango ufungwe jua likizama na usifunguliwe mpaka limechomoza vizuri. Ukimwona amelala shimoni hatikisiki, usiiname kumtoa. Watu wamekufa wakifuata wanyama wao. Asante kwa kuuliza, nilipaswa kuliandika mwenyewe.

Dada wa Kadutu: Sisi Bukavu sambaza zinapanda bei siku za mwezi mwangavu, wavuvi hawapati. Ndagala kavu za Uvira zinafaa?

Mama Rehema: Zinafaa. Ziloweke usiku mzima, umwage maji, uzichemshe. Hapo chumvi na mchanga vinatoka. Sambaza wetu wenyewe ni ndagala wa Tanganyika walioletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ni ukoo mmoja. Makayabu (samaki wakubwa wa chumvi) usijaribu, chumvi yake haiishi hata ukiloweka.

Dada wa Kadutu: Mimi vichwa vya sambaza nakausha juani, natwanga, naweka kwenye kopo. Kijiko kimoja juu ya bugali na yai la kuchemsha, kanakula mpaka sahani inang'aa.

Mama Rehema: Hilo la unga wa vichwa nalichukua. Yai nalo ni zuri, liwe limeiva.

Mama Grâce: Nimerudi. Daktari alikaweka siku mbili, alikachoma dawa. Fizi zimekuwa pinki tena leo asubuhi, kamekula kidogo. Alisema ningechelewa mpaka jioni kangekufa. Sikujua, mama. Nilidhani namsaidia.

Mama Rehema: Najua ulidhani unamsaidia. Mimi nilidhani Sukari ana minyoo. Mpe vijiko viwiliviwili mara nyingi, usimjaze tumbo, na joto likirudi umpeleke, usitafute dawa kabatini. Niandikie Jumapili uniambie anaendeleaje.

Bahati wa Ndosho: Mama, nimesoma yote, na maswali ya wengine. Kosa langu ni kuvuta mkono, kila siku nilikuwa nauvuta. Chini ya ulimi nimeangalia pia, hamna kitu. Nakosa tu bidoni iliyotoboka, kwetu zote ni nzima na mama hakubali nikate.

Mama Rehema: Usikate bidoni za mama yako. Mimi ninazo mbili zinazovuja. Pita Jumamosi baada ya saa tisa, uje na kisu kikali. Mpira wa kuvisha makali ninao, na kijiti nitakufungia.